Watani wa Gatete

Gatete, 12 Mei 2025

Mke wangu Hadjara,

Amahoro. Ninakusalimu kama babu anavyomsalimu mjukuu aliyechelewa kupata mume na kwa hiyo bado ni wa kwangu. Nyanya yako angekuwa hai angekufuata huko Bujumbura na mwiko wa ugali, lakini Mungu amempumzisha, nami naitumia nafasi.

Huku tuko wazima. Batuli, mpishi wetu, bado anapika kana kwamba nyumba imejaa wageni, kisha kinachobaki anamsingizia paka. Mimi pia ni mzima, isipokuwa sikio la kulia limefunga duka. Ndiyo maana sipokei simu zako: nasikia kama mtu anakaanga visamaki vya ndagala nyumba ya tatu. Tuandikiane kama watu waliosoma. Jean-Pierre wa basi atabeba barua zetu, na hawezi kuzisoma njiani. Nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu, najua.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yako mdogo Moussa anataka nyumba yetu ya wageni iwe stoo ya mawese. Anasema ziwa limeshakula baraza, wageni wameisha, na madumu ya mafuta hayalalamiki juu ya mbu. Amekuja na kamba kupima vyumba. Kweli mwezi uliopita tulipata mgeni mmoja tu, naye alikuwa amepotea akienda Nyanza-Lac. Nikamwambia, Hadjara amesomea matangazo, mpe mpaka mwisho wa mwaka. Akacheka. Kwa mtu mwenye mapengo yale, alicheka mno. Kisha akakubali.

Basi una mpaka Desemba. Vyumba vikijaa, nyumba itabaki nyumba na wewe utaiendesha, kama ulivyotaka tangu ulipokuwa mtoto unawatoza mbuzi kiingilio. Visipojaa, Idd ya mwakani utalala katikati ya madumu.

Uliniambia kuna watu wanaitwa washawishi, ambao kazi yao ni kwenda mahali na kutangaza kwamba wamefika. Nieleze. Mimi nimefika mahali pengi maishani na hakuna aliyenilipa.

Mume wako,
Swedi

*

Buyenzi, Bujumbura, 4 Juni 2025

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na pole na hilo jino lako moja lililobaki kuomba msamaha kwa niaba ya wenzake. Barua yako imekawia kwa sababu Jean-Pierre alikwama Kabezi akingoja mafuta ya gari. Mama anakusalimu. Dada yangu Warda amejifungua mtoto wa kiume, ana masikio yako, tunamwombea. Ukisema masikio: Batuli ameniambia unasikiliza redio ya jirani na kumjibu mtangazaji. Nimeliacha hilo kwa leo.

Washawishi ni hivi, Babu. Mtu ana ukurasa kwenye simu, watu wanamfuata, akienda mahali nao wanatamani kwenda. Kosa la wengi ni kuhesabu wafuasi. Chanceline, kwa mfano, ana wafuasi kama mchanga, lakini wanafuata nywele zake. Ukimweka mbele ya ziwa watauliza kasuka wapi. Nilimpata pia mwanablogu wa Ulaya anayeandika vizuri sana juu ya ndege, ila wasomaji wake ni wazee wenzako, hawawezi kupanda gari la kuja huku. Nimetumia wiki mbili kusoma maoni ya watu chini ya picha za watu. Nimejua mambo ya ndoa za watu ambayo sikutaka kuyajua.

Mwisho nimempata Olivier. Wafuasi wake wako hapa Bujumbura, Uvira, Kigoma, na wengine wametawanyika ng'ambo huko kwenye baridi. Karibu wote asili yao ni ufukwe huu. Wanajua mukeke ni samaki gani. Wanajua kukumbuka. Hao ndio watakaokuja wakiitwa.

Amekubali kuja baada ya Idd, siku tatu. Sasa nisikilize kwa sikio lako zima. Usimsahihishe lugha. Usimuulize kazi yake halisi ni ipi. Usimtaje Moussa. Mpe mukeke, mwonyeshe ziwa, kisha utabasamu, ukiwa umefunga mdomo.

Nakuomba, Babu. Hii ndiyo nafasi yenyewe, sina nyingine.

Hadjara

*

Gatete, 19 Juni 2025

Mke wangu mwenye amri nyingi,

Idd imepita salama. Tulichinja mbuzi, Moussa akachukua kichwa akakiweka karibu na chake, na wageni wakapata shida kujua wampe nani mkono. Mpe Warda pongezi. Masikio makubwa ni mtaji.

Mshawishi wako alifika. Ni kijana mzuri, mrefu, ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Nadhani ya kichwani ni ya kumtazamia Mungu. Nilizitii amri zako siku nzima ya kwanza. Aliniambia Gatete ina "vaibu," sikumuuliza ni ugonjwa gani. Siku ya pili alijipiga picha akiamka usingizini, nami sikuuliza kama alikuwa amelala, nani alishika simu. Mukeke wa Batuli ukapoa huku akiutafutia mwanga. Batuli aliingia jikoni akafunga mlango kama mfiwa.

Siku ya tatu akaniketisha ufukweni, sote tumeligeuzia ziwa mgongo, simu imesimama juu ya fimbo.

"Tuko hewani, mzee. Watu maelfu wanatuona. Waambie kwa nini waje Gatete."

Nikasema, "Waje waone ziwa, maana wewe siku tatu hujaliona."

Akacheka. "Mzee huyu ana vituko!"

"Mbuzi akija kunywa hapa huinama, akayatazama maji. Wewe umeyapa matako tangu ulipofika. Baba yako ni mtu wa wapi?"

"Wa mji wa Baraka, ng'ambo ile ya ziwa."

"Nimeelewa. Baraka wametuletea kwanza kichwa cha kubebea miwani. Akili itafuata kwa mtumbwi wa kesho."

Batuli aliangusha sinia. Kijana akainamisha uso, na simu bado inatutazama. Hapo nikamwambia, "Unanuna nini? Hujui Kasongo na Baraka ni watani? Babu zangu walitoka Kasongo. Nikikutukana nakuheshimu. Nikikunyamazia, hapo ndipo ukasirike. Nijibu!"

Kisha akasema polepole, "Kweli, Kasongo mlikuja huku mnabeba mizigo ya watu. Mpaka leo mizigo imeisha na bado mnatembea mmeinama."

Tukacheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka mchangani. Ndipo akaichukua ile simu na kuigeuza, kwa mara ya kwanza, ikatazama ziwa.

Kwa hiyo usishangae ukisikia maneno. Ni utani tu.

Mume wako mtiifu,
Swedi

*

Buyenzi, 11 Julai 2025

Babu,

Sikuanza na salamu kwa sababu niliandika barua nyingine kabla ya hii, ya matusi matupu, na Jean-Pierre akakosa mafuta. Mshukuru yeye. Nilipoiona ile video usiku ule nililala na viatu. Nilijua nyumba imekwenda.

Asubuhi nikafungua maoni. Babu, hukuona kitu kama kile. Mtu wa Baraka aliye Kanada ameandika: "Huyo mzee wa Kasongo asubiri, nakuja kumjibu uso kwa uso." Chini yake mwingine wa Uvira: "Tukodi gari." Mwingine wa Kigoma anauliza kama unakubali kutukanwa na wanawake. Wametuma video kwa shangazi zao. Shangazi ndio wanaojaza magari, Babu, wala si vijana. Mimi na shule yangu yote sikujua hilo.

Vyumba vyote vya Jumamosi vimechukuliwa. Olivier amefurahi kupita kiasi, anakuita "mtani wangu" kila mahali. Tumekubaliana kuutangaza utani huu mwaka mzima kwa jina la Watani wa Gatete. Nimemwagiza mchoraji kibao cha barabarani: mtu wa Kasongo na mtu wa Baraka wanaoneshana vidole. Moussa alipiga simu kuuliza kama ni kweli. Alisema "hongera" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kitu kimoja. Kwenye video unakohoa mara mbili na kugeuza uso. Ni nini?

Mke wako, anayejivuna leo,
Hadjara

*

Gatete, 16 Agosti 2025

Mke wangu tajiri,

Amahoro. Moussa ameacha kupima vyumba, sasa anapima mashuka. Kikohozi ni vumbi la kiangazi, kila mtu anakohoa, hata jogoo.

Watani wako wanafika Ijumaa jioni wakiwa wameshaandaa matusi garini. Wengine wameyaandika kwenye karatasi, na wakifika mbele yangu wanasahau miwani, inabidi niwasomee mwenyewe. Mzee mmoja kutoka Uvira alisafiri njia yote hiyo kuja kuniambia kwamba sura yangu inafanana na goti. Akakaa, akanywa chai, akapumua kama mtu aliyetimiza nadhiri. Siku ya pili akaogelea, ya tatu akaenda Kizuka kununua mawese ya kupeleka kwao. Sijui wewe unaiitaje hiyo shuleni kwenu, mimi naita utalii.

Bingwa wao ni shangazi yake Olivier, Mama Esperance. Mwanamke huyo ana ulimi ambao ungeweza kukwangua samaki. Aliponiona tu alimgeukia Batuli akauliza, "Mama, hili dumu la mafuta linaitwa nani, na mbona limevaa kofia?" Nilimvulia hiyo kofia. Amekuja mara tatu sasa. Olivier huja pamoja naye, lakini siku hizi hapigi picha nyingi.

Kwa kuwa ninachoka kukaa, huwapokea nimelala kwenye mkeka. Wanadhani ni madaha.

Nakatiza hapa, Jean-Pierre anapiga honi.

Swedi

*

Buyenzi, 5 Septemba 2025

Mume wangu,

Shikamoo. Mtoto wa Warda ameota jino kabla yako. Tumepata maombi ya vyumba mpaka mwisho wa Novemba, na shirika moja la hapa mjini linataka kuleta wafanyakazi wao kutukanwa wote kwa pamoja. Naandika haya kwanza kwa sababu nikianza na lile lingine sitayaandika.

Mgeni mmoja aliyerudi kutoka kwako aliniambia, "Mzee wako anavunja mbavu, anatukana akiwa kitandani." Kitandani, Babu. Nikauliza, si kwenye mkeka? Akasema kitandani, na Batuli anamwinua kwa mito.

Kisha nilikutana na Mama Esperance sokoni. Akanishika mkono akasema, "Siku mzee akiondoka, mjue kazi ni yetu. Tutazuia jeneza lake barabarani mpaka mtuahidi ng'ombe. Shehe akasirike, asikasirike." Nilicheka kama inavyotakiwa. Nilipofika nyumbani sikuwa nacheka.

Barua zako zimekuwa fupi. Mwandiko wako, wewe uliyenichapa miaka yote kwa ajili ya mwandiko wangu, unateremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Niambie ukweli. Kuna nini?

Hadjara

*

Gatete, 28 Septemba 2025

Hadjara,

Leo sikuiti mke, kwa sababu ninayotaka kusema huambiwa mjukuu.

Sikio langu ni zima. Nasikia Batuli akinisengenya akiwa jikoni, na anasengenya vizuri. Nilikataa simu kwa sababu tangu Ramadhani sauti yangu haiwezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati, na wewe ungejua. Kwenye karatasi mtu hupumzika na asionekane. Daktari wa Rumonge anasema ni moyo, umechoka kusukuma, na maji yanapanda mapafuni. Nikamwambia kila mtu wa ufukwe huu maji yanampandia, kwa nini mimi nisamehewe? Hakucheka. Hakunipa tarehe, lakini alipoagana na Moussa alimshika mkono muda mrefu.

Hilo ndilo jepesi. La pili ni kwamba Kasongo na Baraka hawana utani.

Hawajawahi kuwa nao. Nilimtukana yule kijana kwa sababu alinikera, basi. Nilikuwa nimenyamaza siku tatu, na mwalimu akinyamaza siku tatu huchacha. Nilipoona nimeharibu mbele ya maelfu ya watu, na nikakukumbuka wewe na nyumba, nikashika neno la kwanza lililokuwa karibu. Neno hilo lilikuwa utani.

Unajua utani unatoka wapi, nilikueleza mwenyewe ukiwa mdogo. Watu hupigana kweli. Wazee wa pande mbili wakichoka kuzika, hula kiapo: kuanzia leo tutapigana kwa maneno, na siku ya kifo wewe utanizika mimi, nami nitakuzika wewe. Sisi na watu wa Baraka hatujawahi kugombea hata kuku. Nimechukua heshima iliyonunuliwa kwa damu za watu wengine nikajifunika nayo, kama mtu aliyekutwa uchi akavuta pazia la msikiti.

Ingekuwa ni biashara tu, ningekufa nayo. Lakini wiki iliyopita Mama Esperance alinikuta kitandani. Hakunitukana. Aliketi, akanyoosha shuka langu, akasema, "Usiwe na wasiwasi, mzee. Wanao hawatashika jembe. Sisi tutachimba." Wameshagawana kazi. Yuko wa kuchimba, na yuko wa kuvaa kanzu yangu na kuniigiza nikikohoa mbele ya waombolezaji. Watu wazima, wenye shughuli zao, wamejitwisha maiti yangu kwa ajili ya uongo nilioutunga kwa muda wa kumeza mate.

Mwambie Olivier. Yeye kwanza, kwa kuwa ndiye niliyemtukana. Najua ukimwambia anaweza kukasirika akalitangaza, vyumba vikabaki vitupu na Moussa akarudi na kamba yake. Ndiyo maana siamuru. Naomba.

Swedi

*

Buyenzi, 9 Oktoba 2025

Babu,

Nilikaa kwako tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Nilikukanda miguu, nikakulisha uji, tukamsengenya Moussa naye yupo. Lile jambo hatukuligusa hata kwa kidole. Sasa niko mbali nawe na naweza kulisema: hapana.

Kaa na hilo neno kidogo. Hapana.

Miaka yote nimesikia kwamba nyumba ile haina maana. Leo watu wanapigania vyumba. Batuli amepata msaidizi na anamtesa kwa furaha. Unataka nimwendee Olivier niseme tulichokitangaza miezi yote hii kilitoka mdomoni mwa mzee aliyekuwa na hasira? Kila tangazo lina chumvi. Hoteli kubwa huku mjini wanapiga picha bwawa lenye maji ya buluu, ukifika unakuta chura ndiye mwenye nyumba. Sisi angalau tumewapa watu kicheko cha kweli. Wageni wanafurahi, Olivier anafurahi, wewe mwenyewe umefurahi kuliko nilivyowahi kukuona tangu nyanya afe.

Niambie ni nani anayeumia. Mtaje mmoja.

Dawa za asubuhi usimpe paka, Batuli ameshakuona.

Hadjara

*

Gatete, 15 Oktoba 2025

Mjukuu wangu,

Salamu. Ninaandika kidogo kidogo, Batuli ananishikia ubao.

Umeniomba nimtaje mmoja. Olivier.

Siku ile, kabla sijasema neno utani, nilimwona mdomo wake wa chini ukitetemeka. Nimefundisha miaka mingi, naujua mdomo huo. Tangu siku ile, kila akija hapa ananikumbatia harakaharaka, na anacheka kabla sijafungua kinywa, ili akiumia awe ameshacheka. Nilimdhalilisha mbele ya mama yake na watu wake wote, kisha nikamwambia ilikuwa heshima, naye akanishukuru. Umewahi kumwona mtu aliyepigwa kofi akishukuru kwamba amepanguswa uso?

Mtani wa kweli anaweza kukasirika waziwazi mbele ya mtani wake, kwa sababu anajua kuna mkataba. Huyu hana mkataba. Ana adabu tu, na adabu yake mimi ninaila kila Jumamosi pamoja na mukeke.

Hayo tu. Nyumba ni yako kuipigania, sikulaumu. Mimi pia naipenda.

Swedi

*

Buyenzi, 3 Novemba 2025

Babu,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Jean-Pierre alikuwa na mafuta tele safari hii, mimi ndiye niliyekuwa sina.

Nimemwambia. Nilimwalika kwa Mama, nikapika ndagala na ugali wa muhogo, nikangoja amalize kula, kisha nikaona huo nao ni ujanja, nikamwambia sahani ikiwa bado imejaa.

Aliweka tonge chini. "Rudia."

"Hakuna utani kati ya Kasongo na Baraka. Babu aliutunga pale pale."

"Kwa hiyo alinitukana kweli?"

"Kweli."

"Siyo kwa heshima."

"Kwa hasira. Ulikuwa umemkera."

Babu, aliinuka akaenda dirishani. Mama alitaka kuingilia, nikamkanyaga mguu. Olivier akasema, bila kugeuka, "Unajua mama yangu aliniuliza siku ile, 'Mbona umemwachia yule mzee akuite mjinga?' Nikamwambia, mama, wewe umekulia mjini, hujui mila. Mimi nikamfundisha mama yangu mila. Mama yangu mwenyewe!"

Nikamwambia kila kitu kiko mikononi mwake, atangaze, afute, afanye atakavyo. Nilisema hivyo nikijua ninasema nini.

Akasema, "Nitangaze au nisitangaze, hilo baadaye. Kwanza nina haki yangu. Yeye alinitukana kweli, nami nitamtukana kweli. Ijumaa naenda Gatete. Mwambie asinitayarishie chai."

Nilimwambia wewe ni mgonjwa sana. Akasema, "Najua. Kwa hiyo nisichelewe."

Ndagala hakuzigusa tena. Sijui atasema nini kwako, wala baadaye atasema nini kwa wafuasi wake. Nimekata jina langu kwenye maombi ya kazi ya benki ambayo sikukuambia, kisha nikaliandika tena.

Nisamehe wiki mbili hizo.

Hadjara

*

Gatete, 12 Novemba 2025

Mke wangu Hadjara,

Nimerudi kukuita mke, utaona kwa nini. Batuli anashika ubao na anatazama pembeni, lakini anasoma.

Alikuja Ijumaa, peke yake, bila fimbo ya simu. Hata miwani hakuvaa, na nikagundua ana macho ya shangazi yake. Hakusalimu. Alisimama mlangoni.

"Wewe mzee," akasema, "ulikuwa mwalimu. Umezoea kutukana watoto ambao hawaruhusiwi kujibu, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba siyo ufundi. Mimi nilikuja kwako kwa kazi. Niliogopa ziwa, ndiyo maana nililigeuzia mgongo. Mdogo wangu alizama Baraka. Wewe hukuuliza. Ulichotaka ni watu wacheke kwa uzuri wa maneno yako. Unapenda kushangiliwa kuliko mimi, ila mimi nakiri kwamba ndiyo kazi yangu."

Hadjara, iliingia. Nilikasirika, kweli nilikasirika, nikamrushia kofia yangu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Haikumfikia. Batuli akaja na mchi, akisema, "Wewe mutoto iko na wazimu? Unatukana mugonjwa?" Nikamzuia. Nikamwambia kijana, "Sikujua habari za mdogo wako." Akasema, "Sasa unajua." Tukabaki tumetazamana kwa chuki kabisa, kama watu wawili wanaojuana.

Kisha tumbo lake likalia. Alikuwa hajala tangu Bujumbura. Batuli akasema hata adui hula, akaweka sinia moja katikati yetu kwa ukali. Tukala. Mukeke ulikuwa wa moto.

Akiwa anakula alimpigia Mama Esperance, akamweleza yote. Nilimsikia yule mama kwenye simu, bila msaada wa mtu. Akauliza, "Wametukanana kweli pande zote mbili?" Ndiyo. "Kuna aliyekufa?" Bado. "Wamekula sahani moja?" Wanakula. Akasema, "Basi msinisumbue. Wenzenu walianza kwa mikuki." Akakata simu.

Jana Olivier amewaambia watu wake. Tulikaa wote wawili, mimi nimeegemea mito, simu imetazama dirishani, ziwa liko mbele yetu. Alisema utani wetu ulikuwa uongo mpaka Ijumaa iliyopita, akaeleza kisa chote, na mdogo wake pia. Wapo waliokasirika. Lile shirika la mjini halitakuja, na Moussa amesema ataonja hasara mwezi mmoja kabla ya kuamua kitu. Watu wa Baraka wenyewe wameandika kwamba sasa ndiyo wana haki kamili ya kuja. Usiandike tena jina lako benki. Njoo uendeshe nyumba yako, kwa muda wowote tutakaopewa.

Kabla hajaondoka aliniuliza kwa aibu, kama mtani anaruhusiwa kulia siku ya maziko. Nikamwambia hapana, kulia ni kazi ya Hadjara na Moussa. Mtani huchimba. Akanionyesha viganja vyake, laini kama vya bibi harusi. Nikamwambia aanze kuzoea jembe mapema, maana udongo wa hapa una mizizi ya michikichi.

Mume wako,
Swedi